Gia ya Mkono katika Gari ya Otomatiki: Matumizi Yake kwenye Miteremko

Gari zenye gia za otomatiki zimekuwa nyingi katika barabara za Unguja na Pemba. Sehemu kubwa ya gari hizo zimekwisha kutumika Japani kabla ya kufika visiwani, nchi ambayo kama Tanzania huendesha gari upande wa kushoto wa barabara. Dereva aliyejifunza kwa gari ya klachi hufurahi kuona mguu wake wa kushoto umepata mapumziko. Dereva aliyejifunzia gari ya otomatiki tangu siku ya kwanza hana habari ya klachi hata kidogo. Hata hivyo wote wawili hufanana kwa jambo moja: huweka mkono wa gia kwenye herufi D, na tokea hapo huusahau mpaka safari imalizike.

Inafaa ieleweke kwamba alama nyengine zilizo chini ya herufi hiyo hazikuwekwa kuwa pambo. Iwe ni tarakimu 2 na herufi L, iwe ni herufi M yenye alama za kujumlisha na kutoa, au kibonyezo kidogo kilicho ubavuni mwa mkono wa gia, zote zina kazi moja, nayo ni kumrejeshea dereva uwezo wa kuchagua gia mwenyewe. Makala haya yanaeleza uwezo huo ni upi, wakati gani utumike na wakati gani usitumike. Mkazo umewekwa kwenye miteremko, kwa sababu hapo ndipo kutojua kunapoweza kugharimu roho za watu.

ASILI YA MTAMBO

Gia za otomatiki si jambo jipya. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliingiza sokoni mtambo ulioitwa Hydra-Matic, wenye gia 4, katika gari za Oldsmobile za mwaka wa 1940. Nchini Japani, Toyota ilianza kuuza mtambo wake ulioitwa Toyoglide mwaka wa 1959. Katika miaka iliyofuata watengenezaji waliendelea kuacha nafasi moja au mbili za gia za chini kwenye mkono wa gia, kwani walijua kwamba zipo barabara ambazo mtambo peke yake hauzimudu.

Mfumo wa kujumlisha na kutoa, ambao dereva husukuma mkono wa gia mara moja na gia ikabadilika, ulipata umaarufu baada ya kampuni ya Porsche ya Ujerumani kuuweka katika gari zake za 911 za mwaka wa 1990 kwa jina la Tiptronic. Baada ya hapo kampuni nyengine nyingi zilifuata kwa majina yao wenyewe. Hivi sasa mfumo huo unapatikana hata katika gari ndogo za familia, na baadhi ya gari zina vibonyezo viwili nyuma ya usukani, kimoja cha kupandisha gia na kimoja cha kushusha.

JINSI MTAMBO UNAVYOCHAGUA GIA

Katika gari ya klachi, injini na giaboksi huunganishwa kwa sahani zinazobanana. Katika gari ya otomatiki ya kawaida, baina ya injini na giaboksi pana chombo cha duara kilichojaa mafuta. Kazi yake inaweza kufananishwa na feni mbili zilizoelekeana ndani ya mafuta hayo: ya kwanza huzungushwa na injini na kuyasukuma mafuta, nayo mafuta huizungusha ya pili ambayo imeunganishwa na giaboksi. Kwa sababu hiyo gari huweza kusimama huku injini ikiendelea kunguruma bila ya kuzimika.

Uchaguzi wa gia hutegemea zaidi mambo mawili. La kwanza ni kiasi gani dereva amekanyaga mafuta; la pili ni kasi ya gari. Dereva akikanyaga sana, mtambo huelewa kwamba nguvu inahitajika, hivyo hubakia katika gia ya chini au hushuka kwenye gia hiyo. Dereva akiinua mguu, mtambo huelewa kwamba nguvu haihitajiki tena, hivyo hupandisha gia ili injini izunguke polepole na petroli ipungue matumizi.

Katika barabara tambarare hesabu hiyo ni sahihi, lakini kwenye mteremko hugeuka. Dereva anapoanza kushuka huinua mguu kutoka kwenye mafuta. Mtambo, ambao hauna macho ya kuiona barabara, huhesabu kwamba gari imepumzika, na hupandisha gia hadi ya juu kabisa. Kwa hivyo, wakati ule ule ambao gari inahitaji kuzuiwa, injini huwa karibu imeiachia. Kasi huongezeka, na mzigo wote wa kuizuia gari huangukia breki za miguu peke yake.

Ni kweli kwamba baadhi ya gari za miaka ya karibuni zina kompyuta inayotambua mteremko na kushusha gia yenyewe. Hata hivyo gari nyingi zilizo barabarani hazina uwezo huo, na hata zile zilizo nao hutambua mteremko baada ya kuuingia. Dereva ndiye pekee anayeiona kona iliyo mbele, shimo lililo mbele na watoto wa skuli wanaovuka chini ya kilima.

ALAMA ZA MKONO WA GIA

Alama hutafautiana kwa mujibu wa gari, lakini zilizo za kawaida ni hizi:

P ni ya kuegesha. Gari hufungwa isitembee, na hutiwa baada ya gari kusimama kabisa.

R ni ya kurudi nyuma.

N ni ya kuiachanisha injini na magurudumu.

D ni ya mwendo wa kawaida, ambapo mtambo huchagua gia zote wenyewe.

Tarakimu 2 huizuia gari isivuke gia ya pili. Zipo gari zenye tarakimu 3 vile vile, na maana yake ni hiyo hiyo kwa gia ya tatu.

L ni gia ya chini kabisa, kwa miteremko mikali sana au milima mikali sana, na kwa mwendo mdogo tu.

O/D ni kibonyezo kinachoonekana katika gari nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kikibonyezwa, taa ya O/D OFF huwaka kwenye dashibodi, na gari yenye gia 4 haitavuka gia ya tatu. Wapo madereva wanaoiona taa hiyo wakadhani gari imeharibika. Wengine huendesha miezi mingi ikiwa imewaka, na hushangaa kwa nini petroli inakwisha haraka. Taa hiyo si ya hitilafu, ila katika mwendo wa kawaida wa barabara kuu inafaa iwe imezimwa.

S au B huonekana katika gari nyengine, khasa zile ambazo giaboksi yake hutumia mkanda badala ya gia za meno, na zile zinazotumia petroli pamoja na umeme. Nafasi hizi huifanya injini izuie gari zaidi inaposhuka.

M yenye alama za kujumlisha na kutoa ndiyo gia ya mkono kamili. Dereva huusogeza mkono wa gia upande wa M, kisha husukuma upande wa kujumlisha ili kupandisha gia, au upande wa kutoa ili kuishusha. Tarakimu ya gia iliyoingia huonekana kwenye dashibodi. Tahadhari ichukuliwe hapa: katika gari nyingi kusukuma mbele ni kupandisha, lakini katika baadhi ya gari, zikiwemo za Mazda na BMW, kusukuma mbele ni kushusha. Dereva asome alama za gari yake kabla ya kuondoka, na dereva aliyeazimwa au aliyekodi gari asome mara mbili.

INJINI NAYO NI BREKI

Dereva anapoinua mguu kutoka kwenye mafuta huku gia ikiwa imeingia, magurudumu ndiyo huizungusha injini badala ya injini kuyazungusha magurudumu. Injini ya petroli, ikiwa mlango wake wa hewa umefungwa, hupata taabu kuvuta hewa, na taabu hiyo huirejea gari kama mzuio. Injini inapozunguka kwa kasi zaidi, mzuio huo huwa mkubwa zaidi.

Hapo ndipo gia ya chini inapopata thamani yake. Katika giaboksi ya kawaida ya gia 4, uwiano wa gia huwa karibu na 2.8 kwa gia ya kwanza, 1.5 kwa ya pili, 1.0 kwa ya tatu na 0.7 kwa ya nne. Maana yake ni kwamba, gari ikiwa katika kasi ile ile, injini huzunguka zaidi ya mara mbili katika gia ya pili kuliko katika gia ya nne. Kwa kushusha gia mbili tu dereva huwa ameongeza breki ambayo haina pedi za kulika na wala haitegemei mafuta ya breki.

Ukubwa wa kazi inayofanywa na breki wakati wa kushuka unaweza kupimwa kwa mfano wa maji. Gari yenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria wake, inaposhuka kimo cha mita 100, hutoa nguvu inayotosha kupasha karibu lita 5 za maji kutoka joto la kawaida la visiwani hadi kuchemka. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki, ikiwa injini haisaidii, hugeuka kuwa joto kwenye diski na pedi za breki, ambazo ni vipande vidogo vya chuma na mchanganyiko mgumu visivyofika hata ukubwa wa sahani ya chakula.

Unguja na Pemba hazina milima mirefu, na hakuna kilima kinachofika mita 200 juu ya usawa wa bahari. Lakini Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde yanayofuatana, ambapo dereva hushuka na kupanda mara nyingi katika safari moja. Pickup iliyopakia magunia ya karafuu, yenye uzito wa jumla wa kilo 2,500, ikishuka kimo cha mita 50 tu hutoa nguvu ya kuchemsha kama lita 4 za maji, na kazi hiyo hufanyika kwa muda wa dakika chache. Kabla ya breki kupoa, kilima chengine kimeshafika. Katika msimu wa mavuno, wakati gari zimejaa na barabara zina utelezi wa mvua, hesabu hii isidharauliwe.

Wakaazi wa visiwani wanaosafiri Tanzania Bara na kuendesha gari huko hukutana na miteremko mikubwa zaidi. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo hushuka takriban mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita zipatazo 30, ikiwa na kona mfululizo. Kwa gari ile ile ya kilo 1,500, hiyo ni nguvu ya kuchemsha zaidi ya lita 45 za maji, yaani madumu mawili ya lita 20 na ziada. Mlima Kitonga, katika barabara ya Morogoro hadi Iringa, nao unajulikana kwa ukali wake. Dereva aliyezoea kuendesha baina ya Mjini na Bububu, akishuka milima hiyo kwa D huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote, huwa anajitia katika khatari ambayo hakuwahi kukutana nayo nyumbani.

BREKI ZINAPOCHOKA

Breki iliyopata joto kupita kiasi huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pedi kupoteza mshiko wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu, pedeli huwa ngumu kama kawaida, lakini gari haipungui kasi. Harufu ya kuungua husikika, na pengine moshi huonekana magurudumuni.

Njia ya pili ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa daraja la DOT 4 viwango hivyo ni nyuzi 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, kwa hivyo pedeli huzama mpaka chini bila ya kuzuia chochote. Kwa kuwa hewa ya visiwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, ni vyema mafuta ya breki yakabadilishwa kila baada ya miaka miwili, au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, badala ya kuongezwa tu kila yanapopungua.

Dereva anayeona dalili hizi asizime injini, kwani usukani utakuwa mzito na msaada wa breki utaondoka. Asitie N wala P. Ashushe gia moja moja kwa gia ya mkono. Akanyage na kuachia breki kwa haraka, huenda pedeli ikapata nguvu. Avute breki ya mkono kidogo kidogo, wala si kwa mara moja. Awashe taa za tahadhari na apige honi. Akifanikiwa kusimama, asimwagie maji diski zenye moto. Aziache zipoe zenyewe, na asiendelee na safari mpaka fundi amezikagua.

NAMNA YA KUSHUKA

Kanuni ya zamani ya madereva wa malori inafaa kwa gari ya otomatiki vile vile: mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ingehitajika kuupanda. Gia ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, na si katikati ya mteremko baada ya kasi kuwa kubwa.

Dereva apunguze kasi kwanza kwa breki ya mguu. Kisha azime O/D, au atie 3, 2 au M na kushusha gia moja. Kama gari bado inaongeza kasi bila ya kukanyagwa mafuta, apunguze tena kasi na ashushe gia nyengine. Gia iliyo sahihi ni ile ambayo gari hubakia katika kasi inayotakiwa, na breki ya mguu huhitajika mara moja moja tu. Inapohitajika, ikanyagwe kwa uthabiti kwa muda mfupi na kuachiwa ili ipate kupoa, badala ya kuegeshewa mguu muda wote.

Injini itanguruma zaidi ya kawaida, na wapo madereva wanaoogopa mngurumo huo wakadhani injini itakufa. Khofu hiyo haina msingi madhali mshale wa mizunguko ya injini haujafika kwenye eneo jekundu. Gari nyingi zenye M hukataa kushusha gia iwapo kasi ni kubwa mno, na baadhi hutoa mlio kumjuulisha dereva kwamba amri yake haikukubaliwa. Hata hivyo dereva asiitegemee hifadhi hiyo, khasa katika gari za zamani.

Jambo moja lisisahauliwe: injini inapoizuia gari, taa za breki haziwaki. Anayefuata nyuma hawezi kujua kwamba gari ya mbele imepunguza mwendo. Dereva aguse pedeli ya breki kidogo ili taa ziwake na wa nyuma wapate kujihadhari.

KUPANDA NA KUPITA GARI NYENGINE

Gari iliyopakia mzigo inapopanda kilima, mara nyingi mtambo huingia katika mashaka: hupandisha gia, gari ikachoka, hushusha, gari ikapata nguvu, kisha hupandisha tena. Kubadilika huku kwa mara kwa mara huyapasha moto mafuta ya giaboksi, na joto ndilo adui mkubwa wa mafuta hayo. Kuzima O/D au kushikilia gia moja kwa M huondoa mashaka hayo, na gari hupanda kwa mwendo mmoja. Mafuta ya giaboksi yaliyogeuka rangi kuwa meusi na kutoa harufu ya kuungua ni dalili kwamba fundi anahitajika mapema.

Kwa kupita gari nyengine, gia ya mkono humuwezesha dereva kushusha gia kabla ya kutoka upande wake, ili nguvu iwe tayari. Katika D, mtambo husubiri mguu ukanyage sana, kisha hufikiri, kisha hushusha. Na sekunde hiyo moja ni ndefu mno ikiwa mbele inakuja gari nyengine. Hata hivyo gia ya chini haigeuzi mahali pasipofaa kuwa panafaa. Kwenye kona na juu ya kilima haipitwi gari kwa gia yoyote.

MCHANGA NA MATOPE

Njia nyingi za mashamba na za kuelekea pwani ni za mchanga, na wakati wa masika nyengine hugeuka matope. Gari ikiondoka kwa gia ya kwanza katika mahali pa namna hiyo, magurudumu huweza kuzunguka papo hapo na kujichimbia. Gari nyingi zenye M, pamoja na zile zenye kibonyezo cha SNOW kilichowekwa kwa ajili ya theluji ya Japani, huweza kuondoka kwa gia ya pili. Nguvu hufika magurudumuni kwa upole zaidi, na gari hutoka. Kibonyezo kilichotengenezwa kwa ajili ya theluji kinaweza hivyo kumfaa dereva ambaye hatoiona theluji maisha yake yote.

MAMBO YA KUEPUKWA

Jambo la kwanza, na lililo baya kuliko yote, ni kutia N kwenye mteremko kwa kudhani kwamba petroli inahifadhiwa. Dhana hiyo si sahihi. Katika gari zenye mfumo wa kisasa wa kupulizia petroli, dereva anapoinua mguu huku gia ikiwa imeingia, kompyuta hukata petroli kabisa mpaka mizunguko ya injini ishuke karibu na ya kusimama, kwa kuwa magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Akitia N, injini hulazimika kuchoma petroli ili isizimike. Kwa hivyo anayetia N hupoteza breki ya injini na petroli yake kwa pamoja.

La pili ni kushusha gia kwa ghafla katika barabara yenye maji. Magurudumu yanayoendeshwa na injini huzuiwa kwa mara moja na yanaweza kuteleza. Ikiwa ni ya nyuma, gari hugeuka. Ikiwa ni ya mbele, usukani hupoteza utiifu. Gia zishushwe mapema, moja moja, na kabla ya kona.

La tatu ni kutia L katika mwendo mkubwa, au kutia R au P kabla ya gari kusimama. Makosa haya huweza kuvunja giaboksi kwa siku moja.

La nne ni kutumia injini kama breki pasipo haja. Katika mwendo wa mjini, wa kusimama na kuondoka, breki ya mguu inatosha, kwani pedi za breki ni rahisi kubadilishwa kuliko giaboksi. Aidha, dereva aliyemaliza mteremko akumbuke kurejea D. Kuendesha barabara tambarare kwa gia ya pili huongeza matumizi ya petroli na joto la injini bila ya faida yoyote.

La tano linawahusu wenye gari za dizeli. Injini ya dizeli ya kawaida haina mlango wa hewa unaofungwa kama wa petroli, hivyo mzuio wake huwa mdogo zaidi. Madereva wa gari hizo wachague gia ya chini zaidi na waanze kushuka kwa kasi ndogo zaidi.

MUHTASARI KWA MADEREVA

1. Soma alama za mkono wa gia kabla ya kuondoka, khasa ikiwa gari si yako.

2. Jizoeze M, 2 na O/D katika barabara tupu, mchana na kukiwa kukavu, usingoje siku ya dharura.

3. Chagua gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, na punguza kasi kwanza.

4. Kanyaga breki kwa vipindi, si kwa mfululizo, na iguse kuwajuulisha walio nyuma.

5. Usishuke kwa N hata mara moja.

6. Badilisha mafuta ya breki kwa wakati wake, na kagua mafuta ya giaboksi.

7. Rejea D mteremko unapokwisha.

Gari ya otomatiki imempunguzia dereva kazi ya mguu wa kushoto, lakini haikumpunguzia wajibu wa kuitazama barabara na kuamua. Mtambo unajua kasi ya gari na uzito wa mguu juu ya mafuta. Haujui kwamba mbele kuna mteremko, wala haujui ni nani aliyekaa kiti cha nyuma. Wenye gari, madereva wa abiria na walimu wa kuendesha wanaombwa kuyafahamu maelezo haya na kuwafahamisha wengine, ili kila gari ipandayo kilima ishuke kwa salama.